Kabla ya Steringi: Kuitazama Upya Saat Hindustani

Lugha ya mitaani ya Afrika Mashariki ina neno moja ambalo wahakiki hatulipi uzito linaostahili. Neno hilo ni steringi. Asili yake ni mabango ya sinema na maandishi ya mwanzo wa filamu, ambapo neno la Kiingereza lenye maana ya kushirikisha waigizaji wakuu hutangulia orodha ya majina yao. Huko lilikotoka neno hilo ni la jamii ya kitenzi, na linaweza kufuatwa na majina mawili, matano au kumi. Sisi tuliligeuza nomino, tukaliingiza katika ngeli ya watu, kisha tukalinyima wingi. Steringi ni mmoja. Waliobaki ni rafiki zake, adui zake, au watu wa kufa kabla ya mapumziko. Aidha, mtoto yeyote aliyewahi kuketi mbele ya skrini anaijua kanuni inayofuatana na neno hilo bila kufundishwa: steringi hafi.

Nalitanguliza neno hili kwa kuwa filamu ninayokusudia kuijadili imefunikwa na steringi wake, ilhali ilipotengenezwa haikuwa na steringi hata mmoja. Saat Hindustani, yaani Wahindustani Saba, iliongozwa na Khwaja Ahmad Abbas na ikatoka mwaka 1969. Ni sinema ya rangi nyeusi na nyeupe, ilitengenezwa kwa fedha kidogo, na haikupata watazamaji wengi. Leo hutajwa kwa sababu moja: ndiyo filamu ya kwanza aliyoigiza Amitabh Bachchan. Hutajwa hivyo katika kamusi za sinema, katika wasifu wa mwigizaji huyo, na katika mazungumzo ya wapenzi wa filamu za Kihindi kutoka Mombasa hadi Mumbai. Na aghalabu anayeitaja hajaitazama. Imekuwa tarehe badala ya kuwa kazi ya sanaa. Nadhani dhuluma hiyo inatuhusu sisi tunaofundisha fasihi, maana namna tunavyozisoma kazi za mwanzo za waandishi wetu haitofautiani sana nayo.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Maria, mwanamke Mkristo wa Goa, yumo hospitalini, na akiwa pale kitandani anayarejesha mawazo yake katika siku ambazo yeye na wanaume sita waliingia katika Goa iliyotawaliwa na Wareno ili kupandisha bendera ya India juu ya ngome na majengo ya watawala. Wanaume hao walitoka pande zisizofanana kwa lugha wala kwa dini: Mpunjabi, Mbengali, Mtamil, Mmaharashtra, Mhindu wa kaskazini anayekitetea Kihindi kwa ukali, na Mwislamu wa Bihar aliye mshairi wa Kiurdu. Hawakubeba silaha. Katika safari yao walipaswa kwanza kuvumiliana wao kwa wao kabla ya kuwakabili Wareno, na sehemu hiyo ya kwanza, kwa maoni yangu, ndiyo ngumu zaidi na ndiyo iliyomshughulisha Abbas.

Historia iliyo nyuma ya kisa hiki ni ya kweli. Wareno waliishika Goa tangu mwaka 1510. India ilipopata uhuru mwaka 1947, serikali ya Salazar ilikataa katakata kuondoka. Tarehe 15 Agosti 1955 maelfu ya Wahindi wasio na silaha walivuka mpaka kwa maandamano ya amani, wakapigwa risasi, na zaidi ya ishirini wakauawa. Hatimaye mwezi Desemba 1961 jeshi la India liliingia na kuikomboa Goa kwa muda usiotimia siku mbili. Operesheni hiyo iliitwa Vijay, maana yake ushindi. Msomaji anayezijua filamu za baadaye za Amitabh atatabasamu hapa, kwani Vijay ndilo jina alilopewa mhusika wake katika filamu nyingi zilizompandisha hadhi. Lakini tabasamu hilo ndilo ugonjwa ninaoueleza. Tumekwisha anza kumtafuta steringi.

Abbas mwenyewe si mtu wa kupitwa haraka. Alizaliwa Panipat mwaka 1914 katika ukoo wa Hali, mshairi mkuu wa Kiurdu wa karne ya kumi na tisa. Alikuwa mwandishi wa habari, mwandishi wa riwaya na hadithi fupi, mwanachama wa harakati za tamthilia za umma, na muumini wa ujamaa asiyetikisika. Mwaka 1946 aliongoza Dharti Ke Lal, kuhusu njaa iliyoua watu kwa mamilioni huko Bengal mwaka 1943. Aliandika kisa cha Awara, filamu ya mwaka 1951 iliyoongozwa na kuigizwa na Raj Kapoor, kisha Shree 420 ya mwaka 1955. Awara ilipendwa mno Unguja, na mwanahistoria Laura Fair ameandika kwa marefu jinsi vijana wa huko walivyoitumia kuwazia upya mapenzi na ndoa. Kwa hiyo, Mswahili wa mwambao alikuwa amekwisha kumpokea Abbas nyumbani kwake miaka mingi kabla ya Saat Hindustani, ingawa hakulijua jina lake. Mwandishi wa kisa ana bahati mbaya hiyo katika sinema: watu huimba nyimbo zake na kuvaa kofia za wahusika wake, wasiulize ni nani aliyewatunga.

Sasa tufike kwenye jambo lililonivuta kwenye filamu hii, nalo ni ugawaji wa sehemu za waigizaji. Abbas aliwabadilisha kwa makusudi. Utpal Dutt, jabali la jukwaa la Bengal, alipewa kuwa Mpunjabi. Madhu, mtu wa Kerala ambaye lugha yake ni Kimalayalam, akapewa kuwa Mbengali. Anwar Ali, ndugu yake mchekeshaji Mehmood, naye ni Mwislamu, akawa Ram Bhagat Sharma, yule Mhindu shupavu wa Kihindi. Na Amitabh Bachchan, mwana wa familia ya Kihindu ya Allahabad, akawa Mwislamu mshairi wa Kiurdu. Na jina la mhusika huyo, kama kwamba Abbas alitaka kuukaza utani wake, lilikuwa Anwar Ali. Hivyo katika picha moja kuna Anwar Ali asiyekuwa Anwar Ali akikaripiana na Sharma ambaye ndiye Anwar Ali.

Huu haukuwa mchezo. Mwaka 1965, miaka minne tu kabla ya filamu kutoka, watu walikufa huko Madras katika machafuko ya kupinga Kihindi kufanywa lugha rasmi ya taifa. Lugha ilikuwa imekuwa kisu. Abbas alijibu kwa mbinu ambayo hakuna mhusika anayeitamka: kila mwigizaji alilazimika kujifunza lafudhi, mavazi, salamu na hasira za jamii isiyokuwa yake. Huwezi kumwigiza mtu kwa mafanikio ukiwa unamdharau. Angalau itakubidi uyasikilize matamshi yake. Hoja ya filamu kuhusu umoja, ambayo katika mazungumzo ya wahusika huwa nzito na yenye hotuba nyingi, imetimizwa kimyakimya katika ugawaji wa sehemu hata kabla ya kamera kuwashwa. Fani imesema vizuri zaidi kuliko maudhui.

Hata jina la filamu lina tabaka hili. Hindustani ni mtu wa nchi ya Hindustani. Lakini pia ni jina la lugha, ile lugha ya kati ambayo Gandhi aliitetea, inayoweza kuandikwa kwa hati ya Kidevanagari ikaitwa Kihindi au kwa hati ya Kiajemi na Kiarabu ikaitwa Kiurdu. Kwa msomi wa Kiswahili jambo hili halihitaji maelezo marefu. Sisi pia tuna lugha iliyoandikwa kwa hati mbili, na tunajua ni kwa kiasi gani kuhama kutoka hati moja hadi nyingine kulivyogeuza hisia za watu kuhusu nani mwenye lugha. Nasi pia tumezoea kusema kwamba lugha yetu huunganisha, tukisahau kuuliza huwaunganisha akina nani na kwa masharti gani. Naongeza kwa kupitia tu kwamba Kiswahili, kwa neno lake moja Mhindi, kimewaunganisha Mgujarati, Mpunjabi na Mtamil bila filamu wala satyagraha. Ni Mgoa peke yake aliyebaki na jina lake.

Na huyo kijana mrefu? Amitabh alizaliwa tarehe 11 Oktoba 1942. Baba yake, Harivansh Rai Bachchan, alikuwa mmoja wa washairi wakubwa wa Kihindi wa karne ya ishirini, mtunzi wa Madhushala ya mwaka 1935, na mtu aliyepata shahada ya uzamifu huko Cambridge kwa utafiti kuhusu W. B. Yeats. Kijana mwenyewe alikuwa karani wa ngazi ya juu katika kampuni ya biashara huko Calcutta, akaacha kazi kutafuta nafasi ya kuigiza. Sehemu ya mshairi Anwar ilikuwa imekusudiwa kwa Tinnu Anand, ambaye aliiacha akaenda kuwa msaidizi wa Satyajit Ray. Nafasi ikabaki wazi. Ujira ulikuwa rupia 5,000. Inasimuliwa kwamba Abbas alipotambua kijana huyu ni mwana wa nani, hakukubali kumwandikia mkataba mpaka baba apelekewe habari, asije akawa ni mtoto aliyetoroka nyumbani.

Basi mwana wa mshairi wa Kihindi akaingia filamuni kuwa mshairi wa Kiurdu. Wanaotafuta dalili za ukuu wake wa baadaye huvutiwa na sauti, na ni kweli kwamba sauti ipo tayari, nzito na yenye kutua. Mwaka uo huo Mrinal Sen aliitumia sauti hiyo peke yake, bila sura, kusimulia Bhuvan Shome, ambamo Utpal Dutt alikuwa mhusika mkuu. Lakini sehemu ninayoiona kuwa ya maana zaidi haina maneno. Anwar anakamatwa na Wareno. Wanamtesa ili awataje wenzake, nyayo zake zinachanjwa kwa wembe, anakataa kusema, na mwishowe inambidi arudi akitambaa. Mwigizaji ambaye baadaye atajulikana kwa urefu wa kimo na mwendo wake wa kujiamini yuko chini mavumbini, anajikokota kwa viwiko. Abbas hakujua kwamba anamlaza chini nyota wa nchi nzima. Alikuwa akimlaza mmoja wa saba.

Niliitazama filamu hii mara ya pili nikiwa na shangazi yangu nyumbani kwake Mombasa. Yeye ni miongoni mwa wanawake wa Mji wa Kale waliojifunza Kihindi kwa masikio katika majumba ya sinema, hakuingia darasa lolote, na hunitafsiria mazungumzo ambayo maandishi ya chini ya picha huyapotosha. Baada ya robo saa alianza kutaabika.

"Mwanangu, steringi ni yupi hapa?"

Nikamjibu kwamba wote saba ni sawa.

"Haiwezekani," akasema. "Mtu atamshika nani?"

Alipokuja Anwar kuzungumza, shangazi akainua kichwa. Sauti aliitambua kabla ya uso. Nilipomthibitishia kwamba ndiye Amitabh alifurahi mno, akamwita na wajukuu waje wamtazame alivyokuwa mwembamba. Na kuanzia hapo hakumtazama mtu mwengine. Mpunjabi akisema, yeye anamtafuta Anwar nyuma yake. Kisha wakaja Wareno na wembe, nami nikageuka kumtazama shangazi, maana najua jinsi machozi yalivyo karibu naye. Alikuwa ametulia kabisa.

"Hafi huyu," aliniambia.

Sijapata kusikia uhakiki mfupi kuliko huo unaoeleza nini hutokea kazi ya mwanzo inaposomwa kwa mwanga wa umaarufu uliofuata. Mtazamaji wa mwaka 1969 hakujua. Kijana huyo mwembamba asiye na jina angeweza kufia pale mpakani na filamu ikaendelea bila yeye, kwa kuwa ilikuwa na wengine sita. Hofu ya mandhari hiyo ilijengwa juu ya kutojulikana kwake. Sisi tunaojua tumenyang'anywa hofu hiyo, na nafasi yake tumepewa fahari ya kumtambua mtu. Ni badilishano baya.

Kinaya ni kwamba Amitabh mwenyewe ndiye aliyeivunja kanuni ya steringi hafi kuliko mwigizaji yeyote wa kizazi chake. Baada ya mfululizo wa filamu zisizofaulu, Zanjeer ya mwaka 1973, iliyoandikwa na Salim na Javed, ilimfanya kuwa kijana mwenye ghadhabu, mtu mpweke anayeidai haki yake kwa mikono yake. Mwaka 1975 akafa katika Deewaar, na mwaka uo huo akafa tena katika Sholay. Mwaka 1978 akafa katika Muqaddar Ka Sikandar. Nilikulia Mombasa wakati wa kanda za video, na nakumbuka watoto wakirudisha kanda nyuma ili afufuke. Hata hivyo, watazamaji walishinda. Mwezi Julai 1982 aliumia vibaya sana wakati wa kupiga picha za Coolie, nchi nzima ikamwombea, na mwongozaji Manmohan Desai akaubadilisha mwisho wa filamu: mhusika aliyepangiwa kufa akaachwa aishi. Filamu ilipotoka mwaka 1983, picha ilisimamishwa mahali alipoumia, na maandishi yakawaonyesha watazamaji pigo lenyewe. Hapo matini ilikwisha kushindwa na mtu.

Tazama basi umbali uliopo kati ya mwanzo na upeo wa kazi yake. Filamu ya kwanza yasema kwamba haki hudaiwa na watu saba wasioelewana, bila silaha. Filamu zilizomkuza zasema kwamba haki hudaiwa na mmoja. Kuisoma ya kwanza kama chipukizi la hizo za baadaye ni kuifanya ikubali hoja ambayo iliipinga. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaodhani kwamba kazi ya mwanzo daima ni mbegu ya kazi za mwisho. Kuna wakati kazi ya mwanzo ni njia ambayo msanii, au zama zake, aliiacha.

Tabia hii tunayo katika uhakiki wetu. Euphrase Kezilahabi alichapisha Rosa Mistika mwaka 1971 na Nagona mwaka 1990. Tangu riwaya hiyo ya pili na Mzingile ya mwaka 1991 zilipotushangaza kwa falsafa na muundo wake, nimesoma tasnifu baada ya tasnifu ambamo Rosa hana budi kuwa mtu wa udhanaishi kuanzia ukurasa wa kwanza, na Ukerewe, pamoja na baba mlevi, barua iliyonaswa na aibu ya binti mbele ya watu, inakuwa mandhari ya kupita tu kuelekea kwenye swali la maana ya maisha. Lakini Rosa Mistika iliwakera watu kwa jambo la karibu zaidi: namna wasichana wanavyolelewa na kuadhibiwa. Ndilo lililoifanya ipigwe marufuku mashuleni kwa muda. Mwanafunzi anayeifikia akitokea Nagona huipata hasira hiyo imekwisha poa. Vivyo hivyo, tangu Abdulrazak Gurnah alipotunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2021, Memory of Departure ya mwaka 1987 imeanza kusomwa kana kwamba ilijua inaelekea Stockholm. Sisemi kwamba tusizilinganishe kazi za mwandishi mmoja. Ulinganishi ni haki ya mhakiki. Nasema kwamba anayesoma kwa kurudi nyuma huwa amekwisha kuamua ni nani hafi.

Kuna sababu nyingine ya filamu hii kustahili kusomwa katika mwambao wetu, nayo haina uhusiano wowote na Amitabh. Ngome ambazo wale saba walitaka kuzipandishia bendera zina ndugu yao hapa. Ngome Kuu ya Mombasa, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, ilikuwa chini ya amri ya Goa; makapteni, barua na adhabu zilitoka huko. Mwana wa mfalme wa Mombasa, Yusuf bin Hasan, alipelekwa Goa akiwa mtoto, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo, akarudishwa kutawala, na mwezi Agosti 1631 akawaasi waliomlea na kuiteka ngome. Mtu aliyefunzwa kuwa wa jamii nyingine, kisha akageuka: sijui kama Abbas angempa sehemu katika filamu yake, ila angemwelewa. Na katika karne ya ishirini uhusiano huo ulirudi kwa njia nyingine. Pio Gama Pinto, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927 kwa wazazi wa Kigoa na kusomeshwa India, alijiunga na harakati za kuikomboa Goa, akalazimika kurudi Kenya mwaka 1949 ili asikamatwe na Wareno. Huku akaingia katika mapambano yetu, akawasaidia wapiganaji wa Mau Mau, na Waingereza wakamweka kizuizini Takwa katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya Lamu. Alipigwa risasi Nairobi tarehe 24 Februari 1965. Nikimtazama Maria akiwaongoza wageni sita katika vichochoro vya Goa, humkumbuka Pinto, ambaye hakungoja kuulizwa ni mtu wa kabila gani ndipo ashike upande.

Swali hilo la kabila ndilo linaloifanya mbinu ya Abbas isiwe jambo la kale. Katika vichekesho vyetu vya redio na televisheni, tangu enzi za Vioja Mahakamani, kicheko kimetegemea sana lafudhi: fulani hutamka hivi, fulani hupenda pesa, fulani ni bawabu. Mara nyingi mwigizaji hupewa sehemu ya mtu wa kwao, kisha hulipwa kwa kuikuza. Sipingi kicheko hicho. Baadhi yake ni cha upendo, na nimekicheka. Lakini baada ya yaliyotokea mwanzoni mwa mwaka 2008, nilipowaona wanafunzi waliokaa dawati moja wakikaa mbali mbali, nilitamani darasa la maigizo ambamo kila mmoja angepewa kuwa yule mwengine, na angepata alama kwa kadiri ambavyo yule mwengine angekubali kwamba ndiyo, hivyo ndivyo tulivyo. Nimelijaribu mara kadhaa tangu hapo. Ni kazi ngumu, na wiki ya kwanza huwa ya matusi yaliyofichwa ndani ya uigizaji. Wiki ya tatu huanza maswali: mama yenu humwitaje mkwewe, mnazikaje, mnasema nini mvua ikichelewa.

Nisimfanye msomaji aamini kwamba Saat Hindustani ni kito kilichofukiwa. Mazungumzo yake hufundisha mno. Mhusika huanza kuzungumza na wenzake akamaliza akiwa anawahutubia wapiga kura. Wareno wake ni wabaya bila sababu nyingine ila kuwa Wareno. Uhariri wake una pupa. Abbas alikuwa mwandishi wa magazeti aliyependa kila jambo lieleweke siku hiyohiyo. Serikali ya India iliitunuku kama filamu bora ya kujenga umoja wa taifa, ikamtunuku na Kaifi Azmi kwa ushairi wa wimbo wake. Tuzo za aina hiyo huitambua nia njema, na nia njema peke yake haijazi ukumbi. Kilichoiponya isiwe kijitabu cha propaganda ni waigizaji, kila mmoja akijitahidi kuvaa ngozi ya mwenziwe. Amitabh amesimulia baadaye kwamba walisafiri kwa gari moshi pamoja wakibeba matandiko yao, wakilala sakafuni bila ubaguzi wa mkubwa na mdogo. Hilo huonekana. Hawa ni watu waliokwisha choshana.

Naona inafaa pia kukumbusha kwamba kama mwaka 1969 palikuwapo nyota wa sinema katika kundi hilo, alikuwa Madhu. Alikuwa mmoja wa waigizaji wakuu wa Chemmeen ya mwaka 1965, filamu ya Kimalayalam iliyopata medali ya dhahabu ya Rais, na katika jimbo la Kerala hakuhitaji kutambulishwa. Leo vifuniko vya diski za filamu hii hubeba uso wa mwigizaji aliyekuwa mgeni kabisa kazini, na jina la Madhu hutafutwa kwa kioo cha kukuzia.

Aliyepotea zaidi ni Maria. Simulizi nzima imejengwa kwa mbinu rejeshi, na kumbukumbu ni zake: sisi hatuwaoni wale sita ila kwa vile anavyowaona yeye akiwa kitandani. Yeye pia anatazama nyuma, kama sisi. Yeye pia anajua yaliyofuata, kwamba Goa ilikombolewa na kwamba wale waliolala sakafu moja walirudi makwao wakawa watetezi wa lugha na dini zao. Angeweza kumchagua mmoja, na kisa kingekuwa cha mapenzi au cha shujaa. Hakumchagua. Anamwita huyu, akamwita na yule, mpaka wanatimia, kila mtu kwa jina lake na kwao anakotoka. Katika makala zote nilizowahi kupokea kutoka kwa wanafunzi kuhusu filamu hii, ni mbili tu zilizomtaja Maria kama msimulizi. Shehnaz, aliyemwigiza, hajatajwa katika hata moja.